Mrejesho: kukadiria gesi ya galaksi

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza, kutoka hapa Nairobi, kwa nini kadirio langu la gesi ya galaksi lilitoka dogo kupita kiasi. Kosa lilikuwa kwenye umbali, ambao sikuuweka katika kipeo cha pili: kwa megaparseki 10 (megaparseki ni kipimo cha umbali, takriban miaka ya mwanga milioni 3.26), na jumla ya mawimbi ya redio ya sentimita 21, yanayotolewa na haidrojeni ya atomu, ya janski 50 (janski ni kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio yanayotufikia) mara kilomita kwa sekunde, kuzidisha namba thabiti ya kanuni hii, 236,000, kwa mraba wa umbali na kwa jumla hiyo hutoa haidrojeni ya atomu yenye tungamo la Jua mara bilioni 1.18, si milioni 118 nilizoandika. Nikiongeza heliamu, kwa kuzidisha kwa 1.36, napata takriban bilioni 1.6. Haidrojeni ya molekuli bado haimo. Hiyo hukadiriwa kupitia kaboni monoksidi, na kigezo cha kugeuza mawimbi ya kaboni monoksidi kuwa tungamo la haidrojeni hiyo hubadilika kati ya galaksi na galaksi.