Jaji masharti yake hayaguswi, hakimu wa mwanzo anabadilishiwa kikokotoo cha pensheni njiani. Kwa nini?

Wakuu, naandika nikiwa Masasi na hasira zimenifika kooni, mkikuta neno kali mnivumilie. Mods, uzi huu msiuhamishe, huko mnakopeleka mambo ya sheria hatusomwi.

Mzee wangu alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Miaka 30. Alianzia Nachingwea, akaenda Newala, akamalizia Tandahimba, na sisi watoto nyuma yake juu ya lori na magodoro. Kastaafu 2025 akiwa na 60 kamili. Wiki iliyopita tumekaa barazani, kashika karatasi ya mafao, kavaa miwani, ananiambia, "Mwanangu, hebu nisomee wewe, huenda nimeruka tarakimu." Hajaruka.

Mshahara wake siuweki hapa, ni siri ya mzee. Chukueni mfano wa mtumishi yeyote wa 1,200,000 kwa mwezi aliyetumikia miezi 360. Kwa kikokotoo cha zamani cha mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF (mshahara wa mwaka mara miezi ya kazi, gawa kwa 540; nusu yake mara 15.5 ndiyo mkupuo, nusu inayobaki ndiyo pensheni ya mwaka) angeondoka na milioni 74.4 na pensheni ya 400,000 kila mwezi. Kwa cha sasa (gawa kwa 580, asilimia 40 ndiyo ya mkupuo, mara 12.5) anapata kama milioni 44.7, na pensheni ya mwezi inakuwa kama 446,900.

Najua kuna watakaokuja mbio: "Lakini pensheni ya mwezi imepanda!" Imepanda kwa 46,900. Gawanya hiyo milioni 29.7 iliyopungua kwa 46,900 uone. Ni miezi zaidi ya 630. Miaka 52 na ushee. Mzee atakuwa amefidiwa akiwa na umri wa miaka 112, Inshallah.

Na hii asilimia 40 tuliletewa kama zawadi. 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, kanuni ikaja na mkupuo wa asilimia 25, watu wakapiga kelele, Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja 33. Bajeti ya Juni 2024 ikatangaza 40. Mtu kaajiriwa miaka ya 90 akijua nusu yake ipo, kakopa kwa hesabu hiyo, kaanza msingi wa nyumba kwa hesabu hiyo, halafu miaka saba ya mwisho anachezewa bao. Mzee alishapanga ekari zake za mikorosho, salfa na vibarua vya kupalilia. Sasa anasubiri mnada wa korosho wa Oktoba kama mkulima mwingine yeyote, deni la duka la pembejeo likiwa palepale.

Haya, sasa njoo kwa majaji. Sina ugomvi nao, naomba hilo lieleweke. Jaji wa Mahakama Kuu naye anastaafu akiwa na 60, wa Rufani 65, Katiba imesema. Rais anaweza kumwongezea muda. Jaji Mkuu Ibrahim Juma alitimiza 65 Juni 2023 akakaa hadi Juni 2025, alipoteuliwa George Masaju. Sawa. Majaji wana sheria yao peke yao ya malipo na mafao, ya mwaka 2007. Sawa pia. Kinachoniuma mimi ni Ibara ya 142 ya Katiba. Inasema mshahara na masharti ya kazi ya jaji hayabadilishwi baada ya kuteuliwa kwa namna itakayompunguzia maslahi. Someni tena taratibu. Yaani wenye nchi walijua kabisa kwamba kumbadilishia mtu masharti katikati ya safari ni kumwonea, wakaandika kwenye Katiba kuzuia. Ila wakazuia kwa watu wachache wa juu.

Sababu tunaambiwa ni uhuru wa mahakama, jaji asiwe na njaa, asitishwe. Naikubali asilimia mia. Sasa Ibara ya 107B inasema mahakama zote zitakuwa huru. Zote! Ya mwanzo haimo?

Na njaa hiyo inajaribiwa wapi hasa? Anayehangaika na mirathi ya mikorosho kumi, na talaka, na wizi wa gunia, na deni la kangomba (ununuzi wa korosho kwa magendo), ni hakimu wa mwanzo. Na mdai anajua nyumba anayolala. Nikiwa darasa la sita, mtu mwenye shauri la mirathi alileta mbuzi nyumbani usiku. Asubuhi mama kesha mfunga kamba kwenye mwembe, sisi tunahesabu mapaja. Mzee akatoka kuswali, akauliza huyu nani, akanitwisha baiskeli na mbuzi nyuma, nikamrudishe. Saa mbili kwenye mchanga ule wa Nachingwea, mbuzi ananililia mgongoni. Nilimchukia mzee mwezi mzima.

Huyo ndiye aliyeambiwa na kijana wa ofisi mojawapo (siitaji) kwamba michango ya miezi fulani "haisomi", arudi na hati za mishahara za miaka ya nyuma. Karatasi alizihifadhi zote, kwenye sanduku la bati, akazipanga kwa mwaka. Tabia ya uhakimu. Walizihesabu mbele yangu wakakosa la kusema.

Nyongeza: naona mmoja kule chini ameandika "hakimu gani wa mwanzo hajala rushwa". Ndugu, kwenu mbuzi walirudi?

Aliyestaafu baada ya Julai 2024, hasa walimu na manesi wa Lindi na Mtwara, aweke hesabu yake hapa bila jina. Na kama kuna wakili humu, anijibu moja tu: kuna shauri lolote lililowahi kufunguliwa kudai ulinzi huo wa 142 umfikie na hakimu wa mwanzo? Mzee hajui kama nimeandika. Yuko shambani.