MJADALA: Mwenye apatimenti anataka picha ya NIDA na selfi kwa WhatsApp, ni haki yake au anavuka mpaka?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Wiki ijayo naenda Arusha na familia, nimepata apatimenti ya mtu binafsi kule Njiro, bei poa, hela ya kushikia nafasi nishatuma. Jana usiku jamaa ananiandikia anataka picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, selfi nimekishika karibu na uso, na cha wife pia. Namuuliza vya nini, ananijibu "usalama tu kaka, kila mgeni anatuma". Mi sikatai kujitambulisha, nikifika mlangoni nampa kadi aisome, aandike jina langu, yaishe. Ila picha ikishaingia kwenye simu ya mtu nisiyemjua inakaa humo mpaka lini, na siku akiipeleka simu kwa fundi je?

Mwenye nyumba, Moshi: Msituone wasumbufu. Mgeni kalala siku mbili, kuondoka kaondoka na TV ya ukutani pamoja na vyuma vyake, namba aliyotumia haipatikani. Polisi swali la kwanza, kitambulisho chake kiko wapi, nikabaki natoa macho. Na mnakumbuka Januari 2024 Nairobi, wanawake wawili waliuawa kwenye nyumba za aina hii ndani ya mwezi mmoja, tangu hapo hata majirani wanatukaba tujue nani anaingia nani anatoka. Nimkabidhi mtu funguo na hata jina lake la kweli silijui?

Mchangiaji: Mnakuza mambo. Laini ya simu haisajiliwi bila alama ya kidole, sasa picha ataifanyia nini? Mbona gesti tunajaza daftari, kabila, kazi, unatoka wapi unaenda wapi, na watu wametulia.

Mchangiaji mwingine: Wametulia kwa sababu wanaandika majina ya uongo mkuu 😂 Lile daftari ndo balaa lenyewe, ukilifungua unasoma waliolala jana na juzi, chumba namba ngapi, na simu zao. Turudi kwenye hoja, kidole kweli kinahitajika kwenye laini, lakini ile selfi ya kushika kitambulisho ndo kitu ambacho huduma nyingi za mtandaoni zinaomba kuhakikisha ni wewe. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, ile mikopo ambayo ukichelewa wanawapigia shemeji zako na bosi wako, mtu mwenye sura yako na kadi yako mkononi hawezi kukosa pa kuzipeleka. Na namba yenyewe ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Selfi usitume kabisa.

Mdau wa sheria: Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akwambie anazitaka kwa nini, na achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi hiyo. "Kila mgeni anatuma" sio sababu. Muulize amesajiliwa, utaona atakavyobadilika.

Mkenya hapa: Sisi tuna sheria tangu 2019 na bado kila geti unaacha namba ya ID na ya simu. Juni 2021 watu waliamka wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvisogelea, wengi wakashuku yale madaftari ya getini. Piga *106# mara moja moja uone laini zilizo kwa jina lako.

Niko Hispania: Huku tangu Desemba 2024 mwenye nyumba analazimika kupeleka taarifa za mgeni Wizara ya Mambo ya Ndani, ni nyingi kweli mpaka zinachosha, lakini mamlaka yao ya kulinda taarifa ilisema 2025 kwamba kudai kopi ya pasipoti ni kupitiliza, unaangalia unaandika basi. Majirani zao Italia, Agosti 2025 serikali ilitangaza maelfu ya skani za pasipoti na vitambulisho zimeibwa hotelini na zinauzwa mtandaoni. Hoteli hizo, zina watu wa kompyuta, sembuse simu ya jamaa wa Njiro.

Mwenye nyumba, Moshi: Sawa, ila mimi sikai mlangoni, funguo anatoa mlinzi. Nifanyeje?

Mchangiaji mwingine: Mlinzi si anajua kusoma? Alinganishe sura na jina la bukingi. Kama lazima itumwe, mgeni azibe namba abakize jina na picha, aandike katikati ya kadi "kwa ajili ya apatimenti Njiro tu" na tarehe, maandishi yapite juu ya sura. Na msidanganywe na ile picha ya WhatsApp ya kuonekana mara moja, mtu anapiga picha kwa simu ya pili.

Mleta mada: Mrejesho. Nimemtumia ya kwangu tu, namba nimeziba na maandishi juu, ya wife nimegoma, selfi nimegoma. Amekubali ila sasa anataka dipoziti laki mbili, anasema atairudisha baada ya kukagua nyumba. Hii nayo vipi wakuu?

Mwenye nyumba, Moshi: Hiyo mpe. Ila muandikishane itarudi siku gani, na piga video ya vyumba vyote kabla hujaweka begi chini.