Dalali kaanika ufunguo wa gari langu mtandaoni, mwizi kaja na pacha wa huo ufunguo!

Wakuu, hii ni wiki ya pili silali vizuri, leo nimeona bora niyatapike hapa kuliko kuendelea kuyameza. Wale wa "uzembe wako mwenyewe" naomba msome mpaka chini kwanza, halafu mnitukane mkiwa na hoja.

Niliamua kuuza gari. Nikampa dalali, tena yule anayesifiwa na kila mtu. Akaja, akalizunguka na simu yake, akapiga picha weee. Mimi nikajua ni yale yale ya boneti, viti na matairi. Jioni naingia kwenye ukurasa wake nakuta picha 18. Pleti namba inasomeka mpaka skrubu zake. Nyuma yake geti la nyumbani. Kadi ya gari imewekwa juu ya kiti na jina langu kamili. Namba ya chasisi kaivuta karibu utadhani anauza hiyo namba na si gari. Na inayoniua hasa: ufunguo wangu, kaulaza kwenye dashibodi, kaupiga mbele na nyuma kama picha ya kitambulisho.

Nikampigia. "Bosi, mteja akiona umeficha namba anajua ni gari la wizi. Weka kila kitu wazi, ndivyo tunavyouza." Nikanyamaza. Hilo kosa nalibeba, sikatai.

Sasa huo ufunguo. Rimoti yake ilipasuka pembeni miaka mingi iliyopita, nikaizungushia ile tepu nyeusi ya mafundi umeme. Mizunguko mitatu, ncha moja imeachia. Kwenye picha vyote vinaonekana. Siku tatu baadaye wakaja wateja wawili, wapole, salamu kwa heshima, magari wanayajua. Wakawasha, wakasikiliza injini, wakazima. Mmoja akafunga milango kwa rimoti mbele ya macho yangu, taa zikapepesa. Hapo hapo mwenzake kaniita upande wa pili, "kaka hebu njoo uone tairi hili", kainama ananionesha zile tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nikainama naye. Nilipoinuka, yule wa kwanza ananyoosha mkono, ananikabidhi ufunguo. Nikautia mfukoni. Wakaahidi kurudi na fundi wao.

Asubuhi hakuna gari. Natoa ufunguo, nabonyeza, nabonyeza, kama mwehu, sehemu yenyewe tupu ina doa la oili tu. Ndipo nikauangalia vizuri ule ufunguo. Tepu ipo, mizunguko mitatu, ncha imeachia vile vile. Lakini gundi inanata kidoleni. Tepu yangu ilishakauka zamani na kujaa vumbi! Yaani watu walikaa chini, wakafungua picha ya dalali, wakaizungusha ile tepu taratibu wakilinganisha.

Halafu kuna mtu kaniambia eti picha ya ufunguo haina madhara. Haina madhara? Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionesha kwamba picha tu ya funguo za nyumba, hata ikipigwa kwa mbali, inatosha kuchongea nyingine. Kwa gari lenye chipu, chuma peke yake hakiwashi injini, ndiyo maana wezi wangu hawakuuchonga, waliubadilisha. Na eneo hilo hilo la San Diego, mwaka 2017 Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya wanachama wa genge la pikipiki kutoka Tijuana, Mexico, kwa wizi wa Jeep Wrangler zaidi ya 150. Walianza na nini? Namba ya chasisi. Wakiipata hiyo wanatafuta namba za siri za ufunguo, za kuchongea chuma na za kuoanisha chipu, wanachonga, wanarudi usiku. Sasa dalali wangu mimi kaiweka kwa herufi za kusomeka toka chumba cha pili, bure, kwa dunia nzima.

Pleti nayo msiichukulie poa. Mtu akiwa na gari kama lako, rangi ile ile, anachapisha namba yako anaibandika kwake, faini zinakuja kwako. Dada yangu alikuwa akinicheka kila nikifunika namba kwa kidole. Leo hanicheki.

Ninachouliza madalali: mteja wa kweli atakufa asipoiona chasisi kabla ya kuonana na mwenye gari? Si aje, aikague mwenyewe, kadi aione mkononi mwa mwenyewe? Kapigie picha uwanjani huko, si getini kwa mtu. Zima lokesheni ya kamera, maana picha ukimtumia mtu kama faili mara nyingi inakwenda na mahali ilipopigwa. Na ninyi wauzaji, ukirudishiwa ufunguo bonyeza hapo hapo, wageni wakiwa bado wamesimama. Sekunde mbili tu. Mimi hizo sekunde mbili nilizitumia kusoma tairi.

Nilipompigia dalali kumweleza, swali lake la kwanza: "Kwa hiyo ile hela ya tangazo inakuwaje?" Nikamwambia afute zile picha. Kasema sawa. Saa moja baadaye naangalia, hajafuta hata moja, ila kaandika juu yake kwa wekundu: IMEUZWA. Chini yake watu wanampa hongera.

Tangu jana kanibloku. Kadi yangu bado ipo pale, jina na namba vyote. Anayejua namna ya kuutaka mtandao uondoe picha bila kumpitia aliyeziweka, tafadhali aandike hapa hatua kwa hatua.