Mibuni ya kihambani Uru inatoa unga chini ya shina

MamaUru: Wakuu, naomba msaada. Mibuni ya mama mkwe hapa Uru, Moshi, iliyo kihambani (shamba la kuzunguka nyumba) karibu na zizi, imegeuka njano, mmoja umekauka kabisa. Chini ya shina kuna unga kama maranda ya seremala, na mwingine una tundu la mviringo, penseli inaingia. Dukani wananishauri dawa ya kupulizia majani. Shemeji anasema ing'olewe yote tupande mibuni chotara. Mparachichi wa uani nao je, utaambukizwa?

Mzee wa Kihamba: Huyo ni bungua mweupe, mama, mdudu anayetoboa shina la mbuni. Dawa ya majani acha, mdudu yuko ndani ya mti. Mparachichi usiuhofie, bungua anapenda mibuni na jamaa zake wa porini.

Soma tundu kwanza. Hilo la mviringo ni mlango wa kutokea: mbawakawa, yaani bungua aliyekomaa, ameshaondoka, ukitia mafuta ya taa humo umeyatupa. Kinachotafutwa ni unga mbichi. Fagia jioni, asubuhi ukikuta mwingine, funza yupo anakula. Fukua udongo kidogo shingoni mwa mti ufuate njia yake. Akizunguka ganda lote, chakula hakishuki mizizini, ndiyo maana ya ile njano. Chukua spoku ya baiskeli, sukuma taratibu mpaka uguse kitu laini. Usipomfikia, chomeka kipande cha pamba chenye mafuta ya taa, ziba kwa udongo. Nimesema kipande! Kuna watu wanamimina kikombe kizima shinani, halafu mti ukifa wanamlaumu mdudu.

Funza hukaa ndani zaidi ya mwaka, kwa hiyo endelea kukagua. Mbawakawa hutoka mvua zikianza na kutaga kwenye nyufa za ganda, huku chini chini. Kabla ya mvua sugua shina kwa gunzi la mahindi au gunia hadi ganda liwe laini. Panga usiliguse, kidonda ni kumkaribisha.

Shemeji mwambie hivi: chotara za TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) pale Lyamungo zinahimili chulebuni, ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Bungua hazimzuii. Mti mzima unang'olewa wa nini?

SanyaJuu: Shikamoo mzee. Huku kwetu tunapaka chokaa, si inatosha?

Mzee wa Kihamba: Marahaba. Aliye ndani hasikii chokaa. Shina likiwa jeupe utaona tundu jipya upesi, hiyo ndiyo faida ninayoijua mimi. Wengine wanaipaka kwa ajili ya wageni wa Krismasi.

MamaUru: Asante sana mzee. Nimefagia jana, leo mitatu ina unga mpya, spoku nimeazima kwa fundi baiskeli. Ule uliokauka tumeukata. Mama mkwe anataka kuupandisha darini uwe kuni za Desemba.

Mzee wa Kihamba: Hapana! Atatokea hukohuko darini arudi kihambani. Pikieni wiki hii, na kisiki kichimbeni mkichome, maana wengi hujificha kwenye mzizi.