Wanaosindikiza nao wapewe bendi: hoja kwa waandaaji wa maonyesho Arusha na Moshi

Ndugu wadau wa muziki wa Arusha na Moshi, ninaileta hoja hii nikijua kwamba baadhi yenu mtaipinga, hasa mlio upande wa uandaaji, na ndiyo maana nimeileta hadharani. Mwimbaji anayejitungia nyimbo zake anapokuja kwetu na bendi kamili, bango hutangaza onyesho la laivu, kisha chini ya jina lake, kwa herufi ndogo, huandikwa "akisindikizwa na", yakafuata majina ya vijana wetu wa Ngarenaro, Sakina, Kijenge au Majengo ya Moshi. Siku yenyewe ikifika, mgeni huimba na bendi, na vijana huimba juu ya pleibeki, yaani wimbo uliokwisha kurekodiwa. Mimi nasema kwamba onyesho la namna hiyo limenusa ulaivu tu, na kwamba anayeumia zaidi si mtazamaji aliyelipa kiingilio bali ni mtunzi chipukizi, ambaye amenyimwa mahali pekee ambapo angeweza kukua.

Tunapenda mno kusifia safari ya msanii aliyekwisha kufika, ila hatuulizi alipitia wapi. Mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala aliingia nchini mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, akawa mmoja kati ya wengi jukwaani kabla ya kuiongoza bendi ya Super Matimila na kufika kwenye majukwaa ya WOMAD, tamasha la kimataifa la muziki, mwaka 1988. Na hata baada ya hapo hakutulia, kwani miaka yake ya mwisho aliiacha dansi akaimba Injili. Lady Jaydee tulimfahamu kwanza kwa nyimbo za studio, kisha akaunda Machozi Band na kuanza kubebwa na vyombo badala ya biti. Hapa hapa Arusha, kundi la X Plastaz walichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yao ya mwaka 2004 ikatoka nje ya nchi kwa sababu ya mchanganyiko huo. Wote hao walibadilika mbele za watu, wakisikia pale pale kinachokubalika na kinachokataliwa.

Studio haina uwezo wa kumfundisha mtunzi jambo hilo. Prodyuza anaweza kukata ubeti mrefu, akanyoosha sauti iliyopinda na kurudia kiitikio mpaka kikae sawa, lakini hawezi kumwonyesha mwimbaji kwamba ubeti wa tatu unawafanya watu wageukie simu zao. Bendi iliyo macho huliona hilo kabla ya mwimbaji mwenyewe: mpiga ngoma hupunguza, besi hubaki peke yake, na mwimbaji hupata nafasi ya kuusema ule mstari kwa utulivu mpaka watu warudi. Biti iliyomo kwenye flashi haimsubiri mtu.

Katika onyesho moja nililohudhuria hapa Arusha, ambalo sitalitaja kwa jina, kijana mmoja alipanda jukwaani na gitaa kavu lake mwenyewe. Waya ulipochomekwa, spika zilinguruma kiasi cha watu wa meza za mbele kuziba masikio, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kujaribu vyombo mchana. Wakati huo wote ulikuwa wa bendi ya mgeni. Fundi mitambo, bila kumwangalia, alishusha kitufe cha gitaa akapandisha biti. Kijana akaendelea kukung'uta nyuzi zisizosikika mpaka wimbo ukaisha, na mshereheshaji akaomba makofi "kwa kipaji chetu cha nyumbani". Ngoma za mgeni zilikuwa pale pale nyuma yake, zimefunikwa turubai.

Najua majibu ya waandaaji, na sehemu yake ni ya haki. Kukodi vyombo ni gharama, bendi inasafirishwa na kulazwa, kibali kina saa yake ya mwisho, na kubadilisha vyombo kati ya msanii na msanii hula muda. Hoja kwamba watu hawakulipa ili kumwona kijana wa mtaani nayo ina uzito. Mwaka 1967 mpiga gitaa Jimi Hendrix alipangwa kuwatangulia The Monkees, kundi lililopendwa na vijana, huko Marekani, na wasichana waliokuja kwa ajili ya The Monkees walimpigia kelele za kuwataka hao wengine mpaka akaiacha ziara baada ya maonyesho machache. Hata hivyo, kosa hilo lilikuwa la aliyewapanga pamoja, na kwetu hufanyika kila siku tunapomweka mtu wa singeli amtangulie mwimbaji wa gitaa, kwa kuwa tu ndiye aliyekubali kuja bure.

Kwa upande wa gharama, sidai kila anayesindikiza aje na bendi yake. Nadai mpiga ngoma, mpiga besi na mpiga kinanda wa mgeni walipwe nyongeza kidogo, watumiwe nyimbo mbili tatu za kijana siku chache kabla, na wampigie. Vyombo ni vile vile na hakuna cha kuhamisha, kwa hiyo hata muda unaokolewa. Wasanii watano wa dakika tano tano wapunguzwe wawe wawili wenye nafasi ya kutosha na malipo, hata kama ni madogo. Sauti za Busara, tamasha la muziki kule Zanzibar, wameshikilia kwamba anayepanda jukwaani mwao apige laivu, na hilo halijawakimbiza watu.

Nigusie pia wale wanaosimama mbele wakipaza sauti kudai nyimbo za zamani kila mgeni anapoanza kuimba kazi mpya. Siwalaumu, maana nyimbo hizo ndizo zilizowaleta. Lakini mtu anayekasirika kwamba msanii amebadilika, kisha akaondoka kwenda kununua kinywaji foleni ikiwa fupi wakati kijana wa utangulizi anaimba, ajue kwamba anakataa mwanzo wa safari na mwendelezo wake kwa pamoja.

Kuna jambo hunichekesha kwa uchungu. Uwanja wetu mkubwa wa mjini una jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyeandika kitabu kizima cha sheria za kutunga mashairi. Ndani ya uwanja wenye jina hilo, tumezoea kumwona mtunzi akifungua na kufunga mdomo huku sauti yake ya mwaka jana ikitoka kwenye spika.

Mwandaaji anayesema haiwezekani, naomba atueleze hapa, kwa shilingi, ni kiasi gani bendi ya mgeni iliomba ili impigie msanii mwenyeji nyimbo mbili, na kama aliwahi kuwauliza. Na kama jibu ni kwamba fedha haipo kabisa, basi bango liandike wazi nani ataimba laivu na nani ataimba juu ya pleibeki, ili mnunuzi wa tiketi aamue saa ya kutoka nyumbani.