Upepo wa tairi kwa gari jipya: nishike 30, 35 au 51?

Mama Nuru, Bamburi

Assalam aleikum jamaa. Nimepata gari, alhamdulillahi. Limeshuka bandarini kutoka Japani, injini ya 1500, na kwangu ndilo la kwanza. Namba zilipotoka nikapita petroli stesheni kutia mafuta, kijana wa upepo akaniambia, "Mama, tutie 35 zote nne, ndiyo ya barabara zetu." Nikamwambia angoje. Fundi wa pancha hapa karibu na nyumbani asema 30, ati ukizidisha zitapasuka kwa jua la kaskazi. Shemeji yangu naye ameinama akasoma ubavuni mwa tairi, akaona 51 psi, sasa ashikilia kwamba hiyo ndiyo kampuni imesema. Mlangoni kwa dereva pana kibandiko cha Kijapani, sielewi hata herufi moja, naona tu 230 na 220.

Kila siku naenda kazini kisiwani Mombasa. Mara moja moja twaenda Malindi na watoto wote na mizigo, na Desemba, inshallah, Nairobi. Nifuate la nani?

Kijana wa Kisauni

Dada, weka 32 kote umalize. Magari madogo yote ni hapo hapo.

Dereva Mzee, Mtwapa

Waleikum salaam Mama Nuru, na hongera, Mola alijaalie liwe gari la kheri.

Kijana amekaribia, lakini usibahatishe wakati jawabu liko mlangoni mwako. Hizo 230 na 220 ndizo zenyewe. Wajapani hupima upepo kwa kilopaskali, geji zetu zasoma psi. Gawanya kwa 6.9: 230 ni kama 33, 220 ni kama 32. Tazama tena kibandiko: herufi 前 ni tairi za mbele, 後 ni za nyuma. Hapo hapo pana saizi ya tairi, namba ndefu yenye R katikati. Ilinganishe na iliyo ubavuni mwa tairi zako. Zikipishana, ujue gari lilibadilishwa tairi, na hizo 33 na 32 usizichukue mpaka mtu anayejua tairi aziangalie.

Sasa ile 51. Hicho ni kikomo cha tairi lenyewe. Aliyelitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani, maana tairi hilo hilo laweza kubeba gari lako na laweza kubeba jingine zito zaidi. Aliyepima uzito wa gari lako na breki zake ni aliyebandika kile kikaratasi. Ukienda na 51 tairi litakaza kama gogo, litagusa lami kwa ule ukanda wa katikati tu, na siku mvua ya masika inapoiacha barabara ya Kongowea ikiteleza, utakanyaga breki na gari liendelee kwenda.

Lakini linaloniuma zaidi ni hilo neno la kupunguza upepo kwa sababu ya jua. Nimewasikia wengi wakilisema, na nimesimama na wengi kando ya barabara ya Voi, pale Maungu na Mackinnon Road, tairi limechanika vipande na watoto wamekaa kwenye vumbi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto. Ongeza mwendo, ongeza mzigo, ongeza lami ya saa nane mchana, ubavu unaachia. Kwa hiyo kumpunguzia mtu upepo kwa ajili ya kaskazi ni kumsogeza kule kule anakokuogopa. Tafadhali usikubali.

Upime tairi likiwa baridi. Asubuhi kabla ya kutoka ndiyo bora, au gari liwe limesimama kwa muda wa saa tatu, au halijakwenda zaidi ya kilomita mbili. Ukipima baada ya foleni ya Nyali utakuta 36 au 37 pale ulipoacha 33. Usitoe hata kidogo! Ni joto limeupanua upepo, usiku utarudi mahali pake. Ukitoa mchana, alfajiri utaamka na 29.

Nairobi watu huniuliza sana. Kule ni juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji husoma kama psi 2 hadi 3 zaidi. Baridi ya asubuhi ya kule nayo hupunguza karibu kiasi hicho hicho. Toka Mombasa na upepo sahihi, kisha uache. Vijana wa vituo vya njiani wakikwambia tairi zimejaa mno, waambie ahsante, uendelee na safari.

Safari ya Malindi na mzigo, tazama kama kibandiko kina mstari wa pili wa gari lililojaa. Kikiwa hakina, baki na namba zile zile.

Na ununue geji yako mwenyewe. Zile za vituoni huangushwa sakafuni mchana kutwa.

Fundi wa Majengo

Mzee amesema kweli tupu. Mimi naongeza la valvu, kwa sababu chumvi ya hapa kwetu haina huruma. Fungua kifuniko, tia tone la maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu, uangalie kwa karibu. Povu dogo likivimba taratibu, upepo unatoka, na kile kichuma cha ndani kinabadilishwa kwa dakika chache. Kisha ikunje valvu kwa kidole gumba uone shina lake. Ukikuta nyufa, ibadilishe yote. Vifuniko vya chuma vinavyong'aa usivinunue, hushika kutu vikakataa kufunguka. Vya plastiki vyatosha.

Tazama pia ubavuni mwa tairi ule mfululizo wa herufi na namba unaoanza na DOT, usome namba nne za mwisho wake. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari ni jipya kwako, tairi huenda ni kuukuu.

Ukiuziwa gesi ya nitrojeni ya kutia tairini badala ya upepo, jua hewa ya kawaida ni nitrojeni asilimia 78 tayari. Kupima kila mwezi kutakufaa zaidi.

Mama Nuru, Bamburi

Mwenyezi Mungu awalipe. Leo baada ya swala ya alfajiri nimepima: 41 mbele, 40 nyuma! Ndiyo maana kila tuta lilikuwa linatupiga mgongo. Nimeshusha hadi 33 na 32, saizi za tairi zimelingana, na herufi mbili za Mzee nimeziona. Ila yametokaje 41? Na kule nyuma pana tairi jembamba la spea limeandikwa 420.

Dereva Mzee, Mtwapa

Magari mara nyingine hujazwa zaidi kabla ya kupakiwa melini, ili tairi zisibonyee upande mmoja kwa kusimama muda mrefu. Aliyekukabidhi ndiye alikuwa na kazi ya kushusha.

Spea yako ni 420 kweli, sawa na psi 60, usishtuke. Ni ya kukufikisha kwa fundi tu, na usivuke kilomita 80 kwa saa. Ipime sasa hivi, maana spea ndiyo husahaulika ikakutwa tupu.