Tutalala wapi Dar? Gumzo la kundi la familia, safari ya Bibi

JUMAPILI

Mama Neema, 19:06
Mbukwenyi ndugu zangu. Shikamoo mjomba, shikamoo dada. Mchango wa safari ya Bibi umetimia leo, jumla 1,150,000. Asanteni sana, na aliyetuma elfu kumi ajue imefika na imehesabiwa. Tunaondoka Alhamisi tarehe 2 Julai, tunarudi Jumapili tarehe 5. Tutalala siku tatu. Limebaki jambo moja: tunalala wapi?

Mjomba Mpwapwa, 19:09
Mbukwa mwanangu. Marahaba. Mungu awabariki kwa kumkumbuka dada yangu akiwa bado anaona na anatembea.

Baba Jose, 19:11
Ufukweni. Kunduchi au Mbezi Beach. Watu tumetoka Dodoma, tumepanda treni karibu masaa manne, halafu tukatazame ukuta wa jirani? Nataka watoto wakifungua mlango asubuhi bahari iwe hapo.

Mama Jose, 19:12
Bei umeuliza?

Baba Jose, 19:14
Nimeuliza sehemu mbili. Chumba cha watu wawili 120,000 pamoja na chai.

Mama Neema, 19:21
Tupige hesabu wote tuione. Treni ya SGR, daraja la kawaida, mtu mzima 31,000. Wakubwa tuko watano: Bibi, mimi, Neema, Baba Jose na Mama Jose. Hiyo ni 155,000. Jose, Pendo na Musa nusu nauli, 15,500 kila mmoja, 46,500. Baraka hajafika miaka minne, analala mapajani bure. Kwenda 201,500, kwenda na kurudi 403,000. Tunabaki na 747,000. Kaka, kwa bei yako vyumba vinne siku tatu ni 1,440,000. Hata tukibanana vyumba viwili inakuwa 720,000, na hatujala.

Baba Jose, 19:22
Nimeelewa. Ila bahari lazima.

Mama Neema, 19:22
Bahari lazima, hilo halina ubishi.

Dada Mkubwa Chanika, 19:30
Nimesoma yote nimenyamaza, sasa niseme. Mimi nina nyumba Chanika. Vyumba vitatu, sebule kubwa, magodoro yapo. Mama yangu mzazi anakuja Dar kwa mara ya kwanza, na wadogo zangu wanapiga bei za gesti mbele yangu. Mmeniona mimi nimeshindwa kumlaza mama?

Mama Neema, 19:33
Dada, samahani. Nilipaswa kukupigia kabla sijaandika hapa. Kosa ni langu.

Baba Jose, 19:35
Dada shikamoo. Hakuna aliyekudharau. Tunaogopa njia tu. Kutoka kwako hadi mjini unajua mwenyewe Gongo la Mboto ilivyo asubuhi. Mama ana goti. Tukienda na kurudi kila siku atakuwa ametalii foleni.

Dada Mkubwa Chanika, 19:36
Foleni tunaishi nayo.

Neema, 19:40
Shikamooni wote. Mimi nimepata nyumba mtandaoni, vyumba vitatu, 130,000 kwa siku kwa nyumba nzima. Imeandikwa Mbezi, karibu na bahari. Picha zake nzuri sana, jiko lipo, tunaweza kupika wenyewe.

Mama Jose, 19:48
Neema mwanangu, hapo simama kwanza. Omba lokesheni kabla hujaipenda. Dar kuna Mbezi Beach, iko barabara ya Bagamoyo upande wa bahari, na kuna Mbezi ya Luis, barabara ya Morogoro kwenye stendi ya Magufuli. Mwaka juzi tulipokwenda kwenye ile harusi tulilipia nyumba "Mbezi, karibu na bahari", tukajikuta Mbezi ya Luis. Kwenda kukanyaga maji tumemaliza mchana mzima barabarani. Halafu LUKU ikawa juu ya mgeni, hatukuambiwa. Usiku wa kwanza umeme umekatika saa sita, nimemulika mita kwa simu inasoma 0.4. Feni imesimama, Baraka ana miezi mitano, jasho linamtoka mpaka shingoni. Nilimpepea na daftari la Jose hadi adhana ya alfajiri. Na maji ya bomba yalikuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu. Mwenye nyumba simu hapokei. Sitaki Bibi apitie hayo.

Neema, 19:50
Nimeomba lokesheni. Anasema nitume nusu ya pesa kwanza ndipo anitumie.

Mama Jose, 19:50
Achana naye.

Mama Neema, 19:51
Achana naye kabisa. Na hela asitume mtu yeyote mahali ambapo hakuna ndugu aliyepafikia kwa miguu yake.

Baba Jose, 19:57
Kuna gesti Kariakoo, karibu na stesheni. 35,000 chumba.

Mama Jose, 19:59
Kariakoo mimi nataka kwenda kununua vitenge, kulala hapana. Gesti tuliyolala huko mwaka mmoja ilikuwa ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi. Bibi atapanda vipi? Na usiku mikokoteni inapakua mizigo chini ya dirisha.

Mama Neema, 20:04
Jamani naona tunatafuta kitanda kabla ya kujua tunakwenda kufanya nini. Siku tatu ni chache. Tukikosea pa kulala, Dar nzima tutaiona kwa dirisha la gari. Kila mtu aseme kitu kimoja anachokitaka. Kimoja tu.

Mama Jose, 20:05
Vitenge Kariakoo.

Baba Jose, 20:06
Watoto wapelekwe Sabasaba. Maonyesho yanakuwa yanaendelea siku hizo.

Neema, 20:07
Jose anasema anataka Makumbusho ya Taifa, akaone fuvu la kale la Zinjanthropus. Wamefundishwa darasani kwamba lilipatikana Olduvai 1959, anasema hataki picha, anataka lenyewe. Pendo na Musa wanataka pantoni.

Mama Neema, 20:08
Na Bibi? Neema, yuko hapo? Muulize.

Neema, 20:19
Amerekodi sauti, lakini simu ya mjomba haifungui sauti, kwa hiyo naandika kama alivyosema:

"Wanangu, mimi sikuomba hoteli. Baba yenu alipokuwa kuli bandarini, akija likizo alikuwa ananisimulia meli inavyolia alfajiri. Anaiga kwa mdomo, kwa nguvu, mpaka mtoto anaamka analia. Akasema ipo siku nitakupeleka uisikie mwenyewe. Haikuwa. Basi mimi nataka niisikie hiyo meli. Na nikanyage maji. Mengine mpange nyie. Mahali penye ngazi msinipeleke."

Baba Jose, 20:24
Sikuwahi kuambiwa hili.

Dada Mkubwa Chanika, 20:27
Huyo mtoto aliyekuwa analia ni mimi.

Mjomba Mpwapwa, 20:31
Ni kweli kabisa. Shemeji akiiga meli hata mbuzi walitoka zizini.

Mama Neema, 20:46
Nimekaa hapa nje nikifikiria. Ndugu zangu, tulale Kurasini.

Najua si mahali mtu anapataja akisema likizo. Lakini tazameni ramani. Bandari iko hapo hapo. Viwanja vya Sabasaba viko barabara ya Kilwa, jirani kabisa, bajaji tu. Stesheni ya SGR na Kariakoo haviko mbali, na Posta kwenye makumbusho vilevile. Na daraja la Nyerere linaanzia Kurasini kuvuka kwenda Kigamboni, kwa hiyo ufukwe tunaupata ng'ambo ya pili bila kukaa kwenye foleni ya kwenda Kunduchi. Kaka, watoto watakanyaga bahari Kigamboni, mchanga ni uleule.

Kuna hosteli ya kanisa nimelala mara mbili tulipokwenda semina. Vyumba viko chini, vinazunguka bustani. Kitanda kina neti, feni ipo, chai ya asubuhi imo kwenye bei. Wanapokea watu wa dini zote. Geti wanafunga saa nne usiku, hilo mlijue mapema. Na meli nilizisikia. Si kila saa, lakini alfajiri moja niliamshwa na honi nikadhani ni ndoto.

Mama Jose, 20:50
Wifi, Kurasini si ndiko malori yote ya bandari yanakopita? Baraka kifua chake unakijua.

Mama Neema, 20:53
Malori yapo, sikatai, barabara kubwa ina vumbi na makelele. Hosteli iko ndani kidogo, kuna miti. Ila usiniamini mimi. Nililala kule miaka minne iliyopita, mambo hubadilika.

Baba Jose, 20:54
Basi aende mtu akaone.

Dada Mkubwa Chanika, 21:15
Nitakwenda mimi. Kesho.

JUMATATU

Dada Mkubwa Chanika, 09:02
Nimefika. Nimetoka nyumbani saa kumi na mbili kamili, sasa ni saa tatu. Masaa matatu nimesimama kwenye daladala, magoti yangu mwenyewe yanauma. Mama asingeweza. Nayasema hayo ili yaishe.

Mama Neema, 09:03
Asante dada. Asante sana.

Dada Mkubwa Chanika, 09:41
Haya nisikilizeni. Nimeingia vyumba vitatu, si kimoja walichotaka kunionyesha.

Mlangoni kuna ngazi mbili fupi, mama atashika mkono. Baada ya hapo ni sakafu tambarare hadi bafuni. Bafu sakafu yake ina vigae vinavyoteleza, nimewaambia wanitafutie zulia la mpira, dada wa mapokezi ameandika kwenye daftari lake nikiwa naona. Bomba nimelifungua nikaonja: maji hayana chumvi. Choo ni cha kukaa. Neti ya chumba cha kwanza ilikuwa na tundu la kupita kidole, wameibadilisha nikiwa nimesimama. Umeme ni wao, hakuna LUKU ya mgeni, na jenereta ipo.

Malori nimeyasikia nikiwa getini. Chumbani nimefunga dirisha, nimekaa kitandani dakika kumi nimenyamaza. Nimesikia kunguru na mtu anafagia.

Baba Jose, 09:43
Dada umefanya kazi.

Mama Jose, 09:44
Mungu akubariki wifi. Zulia la mpira mimi nisingelikumbuka.

Dada Mkubwa Chanika, 09:46
Bei 40,000 kwa chumba chenye vitanda viwili, chai imo. Wamesema tuwahi, kipindi cha Sabasaba vinajaa, wenye mabanda ya maonyesho wanavichukua mapema. Vimebaki vitano.

Mama Neema, 09:52
Vinne. 160,000 kwa siku, siku tatu 480,000. Tunabaki na 267,000 ya chakula, bajaji na viingilio. Chumba kimoja Baba Jose, Mama Jose na Baraka. Jose na Musa mlango unaotazamana na wao. Mimi, Neema na Pendo. Na kimoja cha Bibi. Kaka, unasemaje?

Baba Jose, 09:55
Mimi nakubali. Jumamosi siku nzima iwe ya Kigamboni, hilo tu naomba. Pantoni twende kuanzia saa nne, baada ya wafanyakazi kupita. Asubuhi geti likifunguliwa watu wanakimbia, mtu mzima anaweza kuangushwa. Nauli 200 tu, Bibi atakaa juu ya maji kabla hajayakanyaga. Kurudi tupite darajani kwa bajaji.

Mama Jose, 09:56
Na Ijumaa asubuhi Sabasaba kabla jua halijawa kali, mchana makumbusho. Kariakoo nitakwenda mwenyewe na Neema, watoto wasiburuzwe kwenye msongamano ule.

Mama Neema, 10:01
Dada nakutumia hela yote sasa hivi kwenye simu, ulipe hapo hapo, upewe risiti yenye majina na tarehe.

Dada Mkubwa Chanika, 10:20
Nimelipa. Risiti ninayo, picha nimeituma hapa. Bado neno moja. Chumba cha mama kina vitanda viwili. Cha pili ni changu. Nakuja Alhamisi na begi langu, nalala na mama yangu siku zote tatu. Nyumbani kwangu mtakuja safari nyingine, na mtakaa wiki.

Mama Neema, 10:21
Dada nimelia hapa ofisini.

Mjomba Mpwapwa, 10:30
Sasa mmepanga. Nitaleta karanga na mlenda mkavu Jumatano, mpelekeeni mwanangu Chanika. Amekaa miaka mingi huko bila mlenda wa maana.

Dada Mkubwa Chanika, 10:31
Mjomba, ongeza na unga wa uwele.

Mama Jose, 10:40
Vitambulisho jamani. Tiketi zinakatwa kwa majina, na stesheni tufike mapema, watoto wanne na mizigo si mchezo. Neema, kitambulisho cha Bibi kiko wapi?

Neema, 10:52
Kipo kwenye sanduku la bati, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na picha ya babu akiwa bandarini. Anauliza kama picha nayo inaruhusiwa kwenye treni.

Dada Mkubwa Chanika, 10:53
Mwambie aje nayo.